Kwaya Iliyozoea Nyusi Zangu

Kwa miaka mingi niliongoza kwaya ya parokia yetu pale Geita bila kunyanyua mikono. Baridi yabisi ilinianza nikiwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka tu kupangiwa kituo. Ilianzia kwenye vidole, ikapita magotini, halafu ikafika kwenye viwiko na huko ikakaa moja kwa moja. Kila msimu wa mvua viwiko vilikaza zaidi. Mwishowe mikono yote miwili ikabaki imepinda nusu, kama ya mtu aliyeshika sinia la chai akingoja wageni waketi. Haikunyooka na haikukunjika. Nikijaribu kuilazimisha, nilisikia mfupa unasaga mfupa, na maumivu yalipanda hadi kwenye meno.

Mdomo wangu niliuona kwenye kioo tu, maana mkono haukuufikia. Mke wangu alinifungia kijiko kwenye kipande kirefu cha mti, ndicho nilichokuwa nikilia chakula nyumbani. Ugenini nilisema nimeshiba. Yeye ndiye aliyeninyoa ndevu na kunifunga vifungo vya shati. Shuleni niliandika nusu ya chini ya ubao, na wanafunzi wa nyuma wakazoea kusimama ili wasome. Pua ikiniwasha nilikwenda kuisugua kwenye mwimo wa mlango wa darasa, mpaka sehemu ile ikawa laini kama imepigwa msasa.

Kwaya tulifanya mazoezi jioni, mtaa wa Kalangalala, kwenye banda la parokia. Sauti ya kwanza walikuwa akina mama wauza samaki na mafundi cherehani. Besi karibu wote walikuwa wachimbaji wadogo, wanaapolo kama wanavyojiita, watu waliotoka mashimoni wakaoga vumbi na kuja kuimba wakiwa bado na mchanga masikioni. Viwiko vilipoanza kugoma, nilidhani nitaacha kazi ile. Lakini siku moja, katikati ya wimbo, mkono wangu ulikataa kupanda, nami kwa hofu nikainua nyusi. Sauti ya kwanza wakapaza. Nikafumba macho, wakashuka. Tangu hapo tukajenga lugha yetu kidogo kidogo: kidevu kikienda kulia, sauti ya tatu waingie, bega likiruka, besi waingie, nyusi juu, ongeza sauti, macho yakifumba, punguza, midomo ikibanwa, kata. Wageni kutoka parokia nyingine walicheka wakiniona nakunja uso mbele ya kwaya kama mtu aliyeingiwa na nzi. Wakishatusikia, walinyamaza.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi, na sikuwa naomba zaidi. Sikujua kwamba kuna zaidi.

Mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, kwaya ilitaka sare mpya. Mke wangu nami tulikuwa na safari ya Shinyanga mjini, kwa dada yake, tukapewa kazi ya kutafuta kitambaa. Tuliingia duka moja la familia ya Wahindi, duka la siku nyingi. Vijana wa familia walikuwa wakihudumia wateja mbele, na mama yao, mzee mwenye sari ya bluu, alikaa kwenye meza ya kupimia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kutupimia. Alikivuta kitambaa kwenye fimbo ya chuma, akakikunja, akakivuta tena, mkono ukienda na kurudi bila kusita. Blauzi yake ilikuwa ya mikono mifupi. Nyuma ya kiwiko chake cha kulia nikaona kovu refu lililonyooka kama mstari wa rula.

Nilikodoa macho kupita adabu. Yeye naye akaitazama mikono yangu.

"Mwalimu, na wewe ni baridi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Miaka mingi sasa."

Akakigonga kiwiko chake kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. "Hiki si nilichozaliwa nacho. Wanangu walinipeleka India. Madaktari wakatoa kile kibovu, wakaweka cha chuma. Kabla ya hapo nilikuwa nalishwa kama mtoto."

Mke wangu akaweka chini kitambaa alichokuwa akikichagua. Akazunguka meza, akaomba ruhusa, akakishika kile kiwiko kwa mikono miwili. Mama yule akacheka, kisha, bila haraka yoyote, akapeleka mkono kisogoni, akafungua fundo la nywele zake, zikamwagika mgongoni zikiwa nyeupe tupu, akazikusanya na kuzifunga upya. Alifanya hivyo ili tuone. Mke wangu alimtazama hadi fundo lilipokaa sawasawa, halafu akanigeukia akaniambia haondoki Shinyanga mpaka ajue kitu kile kinapatikana wapi hapa kwetu.

Mama wa duka alisema India ni mbali, lakini amesikia kwamba kwenye hospitali moja ya misheni, ng'ambo ya ziwa, huwa wanakuja madaktari wa nje kutengeneza nyonga na magoti. Twende tukaulize kama viwiko navyo wanatengeneza. Tulitoka pale tukiwa na furaha ya watu waliookota kitu njiani. Tulisahau kabisa rangi tuliyoagizwa. Tulipofungua mzigo Geita, kitambaa kilikuwa cha rangi ya bizari, na kwaya ikaimba Pasaka ile iking'aa kama sufuria la pilau.

Baada ya sikukuu tulivuka kwa kivuko pale Busisi, tukaenda hospitali. Daktari wa mifupa alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa kanda yetu, anayesema taratibu. Akanipiga picha, akaziweka kwenye taa, akatuonyesha. Alisema gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayoizuia mifupa isigusane, imekwisha yote, pande zote mbili. Dawa hazitarudisha kitu ambacho hakipo. Mke wangu akamweleza habari za mama wa Shinyanga. Daktari akatabasamu. Alisema wenzake kutoka ng'ambo wanakuja mwishoni mwa mwaka, na safari hii wameahidi kuleta viungo vya kiwiko vichache. Aliandika jina langu.

Hakunificha kitu. Kiungo hicho, alisema, si cha kulimia wala kubebea gunia. Nikikipata, maisha yangu yote mkono ule usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Huenda baada ya miaka kikalegea, kikahitaji kurudiwa. Na nyuma ya kiwiko unapita mshipa wa fahamu, ule unaokupiga shoti ukijigonga. Ukiumia, kidole cha mwisho kinaweza kufa ganzi. Akanipa muda wa kufikiri. Nikamwambia nimekuwa nikifikiri tangu Shinyanga.

Jambo moja tu lilibaki. Wangeanza na mkono mmoja, na mwingine ungefuata mwaka unaofuata kama mambo yakienda vizuri. Daktari aliniuliza nataka upi utangulie. Nikafanya kosa la kuipelekea kwaya swali hilo. Besi walisema kulia, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaoshika mapigo, na bila mapigo wimbo ni kelele. Sauti ya kwanza, ambao walisimama upande wangu wa kushoto, wakasema kushoto, kwa sababu besi wanaweza kusikia mapigo hata kwa miguu lakini wao wanahitaji kuelekezwa. Mazoezi ya jioni ile hayakufanyika. Tulibishana mpaka mlinzi wa parokia akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mkono unaolia ugali," akasema. "Nyimbo zitajijua."

Mwezi wa upasuaji nilikilazimisha kijiko changu cha mti kuingia kwenye mfuko, lakini mke wangu akakitoa, akakiacha nyumbani juu ya kabati. Hospitalini daktari alinipa nikishike kile kiungo kabla hakijawekwa. Kilikuwa vijiti viwili vya chuma, kimoja cha kuingia kwenye mfupa wa juu na kingine kwenye mfupa wa chini, vimeunganishwa kwa bawaba ndogo yenye plastiki nyeupe katikati. Nilikikunja, nikakikunjua. Hakikutoa sauti yoyote. Nilikaa nikikikunja na kukikunjua mpaka wakakidai, maana ilibidi kikasafishwe.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi kali. Mtoa dawa ya usingizi akaniambia nihesabu. Nesi alinieleza baadaye kwamba badala ya kuhesabu nilianza do, re, mi, nikaishia fa, na kwamba daktari mgeni, ambaye hakujua Kiswahili, aliimalizia ngazi ile mwenyewe huku akinawa mikono.

Nilipozinduka, nilimwona daktari wetu amesimama kando ya kitanda. Mkono ulikuwa mzito kama si wangu, umefungwa bendeji kutoka begani hadi kifundoni. Aliniambia nichezeshe kidole cha mwisho. Nilikiangalia kidole kile nikiogopa. Kikacheza. Akaniambia nikichezeshe tena, nadhani kwa raha yake tu.

Walipofungua bendeji walinikabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mnene, mkali, asiyependa kusikia mtu anaguna kwa maumivu. Alinilaza chali, akaniinulia mkono ukaelekea dari, akaushika kwa nyuma ya bega, akaniambia nisikaze, niuache tu sehemu ya chini ishuke yenyewe kwa uzito wake. Niliogopa. Akanihimiza. Nikaulegeza. Mkono ukashuka taratibu, ukapita pale ulipokuwa ukigoma miaka yote, ukaendelea kushuka, na kiganja changu kikatua puani.

Yule mama ukali wote ukamtoka. Nilishika pua. Nilishika nyusi, zile zilizofanya kazi ya watu wawili. Nilipitisha vidole kwenye shavu nikakuta mikunjo ambayo sikuwa nayo mara ya mwisho nilipolishika. Nikafika sikioni. Sikio langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyolikumbuka, na ndewe yake laini kabisa. Nililishika nikaliachia, nikalishika tena. Mke wangu aliingia na kikapu chake akanikuta katika hali hiyo, nimelala chali, machozi yakitiririka pembeni, nimejishika sikio.

"Umepatwa na nini sikioni?" akaniuliza kwa wasiwasi.

"Hakuna," nikasema. "Ni sikio tu."

Akakiweka kikapu chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akacheka hadi akaegemea ukuta. Sikumbuki kumwona akicheka vile tangu tulipooana.

Ugali ulikuja siku chache baadaye, mtaalamu aliporuhusu. Mke wangu aliupika kwa ndugu zake mjini, akaja nao umefungwa vizuri pamoja na samaki wa kuchoma. Akaniwekea maji ya kunawa, akakaa mbele yangu, mikono magotini. Nilimega tonge, nikalifinyanga, nikalichovya, nikalipeleka. Tonge la kwanza lilinigonga kidevuni, maana nilikuwa nimesahau umbali. La pili likafika. Baada ya hapo nikamega moja baada ya jingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kula wakawa wananitazama mimi. Mke wangu aliniambia nile polepole, hakuna anayeninyang'anya, lakini sauti yake haikuwa ya kunikataza. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba yeye hakugusa chochote, na samaki wote nimewamaliza mimi.

Nilirudi Geita nikiwa na mkono mmoja mpya. Besi walikuja kunipokea stendi wakiwa na nguo za kazi, vumbi tupu. Kila mmoja alitaka kukigusa kiwiko. Kwa kuwa ni watu wa madini, swali lao la kwanza lilikuwa ni madini gani yaliyomo. Niliwaeleza kwamba ni chuma maalumu kisichoshika kutu. Mmoja wao, mzee wa besi ambaye alikuwa na shimo lake, aliniuliza kwa makini kama wamepima. Akashauri nisilale mlango wazi, kwa sababu pale mjini kuna watu wanaosaga hata mawe ya msingi wa nyumba wakisikia yana kitu.

Jumapili iliyofuata niliomba niongoze wimbo mmoja. Kanisa lilijaa, wengine wakisimama nje madirishani. Nikasimama mbele ya kwaya yangu ya rangi ya bizari, nikapumua, nikainua mkono wa kulia hadi usawa wa macho. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile niliwaonyesha pigo la kwanza kama vitabu vinavyosema.

Hawakuuangalia mkono. Walikuwa wananitazama usoni kama kawaida, na uso wangu, kwa furaha, ulikuwa umepandisha nyusi wenyewe mpaka karibu na nywele. Wakaimba kwa nguvu zote. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa kuanza kwa kunong'ona. Nikashtuka, bega likaruka, besi wakaingia kabla ya zamu yao. Nikageuza kidevu kuwatazama, sauti ya tatu nao wakaingia. Mkono wangu mpya ulikuwa unapiga mapigo mazuri kabisa hewani na hakuna aliyekuwa na habari nao. Nikabana midomo nisicheke. Kwaya yote ikakata wimbo hapo hapo, ghafla, ikabaki kimya ikinitazama.

Kanisa zima likaangua kicheko. Paroko alishika altare kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika. Wakati wa matangazo alisema mwalimu amepata mkono mpya, sasa tuwaombee wanakwaya wapate macho mapya.

Jioni ile, kwenye banda, mzee wa besi alisimama kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu," alisema, "tunafurahi sana kwa mkono. Lakini tunaomba uchague kimoja, mkono au uso. Vyote viwili hatuviwezi."

Nilisema nachagua mkono. Kusema kulikuwa rahisi. Kila tulipoanza, macho yao yalirudi usoni kwangu, na uso wangu nao haukujua kukaa kimya, ulikuwa umeshazoea kazi. Mke wangu, ambaye alikuwa amekaa nyuma akitungoja, ndiye aliyepata ufumbuzi. Alivua kanga yake ya mabegani, akaja mbele, akanifunika kichwa chote mpaka shingoni. Nikaongoza hivyo, sioni mtu, nasikia tu sauti zao, mkono wangu ukipanda na kushuka nje ya kanga. Mwanzo waliimba wakicheka, baadaye wakaimba sawasawa. Wapita njia walisimama, wengine wakiuliza ni ibada ya namna gani. Tulifanya mazoezi ya namna hiyo majuma kadhaa, na mimi chini ya kanga niligundua kwamba ningeweza kukunja uso nipendavyo, kulia, kutabasamu, kutoa ulimi, na hakuna wimbo utakaoharibika.

Mkono wa kushoto ulifuata mwaka wa mvua za elinino. Barabara ilikatika mara mbili kabla hatujafika Busisi, tukashushwa kusukuma gari. Yaani wengine walisukuma, mimi nikabeba viatu vyao kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vyepesi kuliko birika. Safari hii nilijua kila hatua, na nilipolazwa chali mama wa mazoezi hakuniambia chochote. Aliuinua mkono, mimi nikauachia, na sikio la kushoto likafikiwa.

Ulipopona nilikwenda kumwona mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi kijijini upande wa Songwa. Alikuwa amezeeka, hasafiri, na habari za viwiko vyangu alizipata kwa watu tu. Nilimkuta uani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Tulisalimiana kwa Kisukuma, akaniuliza habari za nyumba, nikamwambia mhola duhu, amani tu. Hapo akanyoosha mikono yake, akavivuta viwiko vyangu karibu na macho, akayapapasa makovu yote mawili kwa kidole gumba.

"Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "hiki chuma kikinyeshewa hakitashika kutu?"

Nikamhakikishia kwamba hakitashika. Hakuridhika sana. Aliniuliza kama daktari ameacha mafuta ya kukilainishia. Majirani wakaja, wakashika wote kwa zamu, wakanipa viazi, nami nikala mbele yao kwa mikono miwili, mmoja wa kumenya na mmoja wa kupeleka mdomoni, na kila kiazi kilichofika walikishangilia kama bao.

Mchana jua lilipokuwa kali, nilitandika mkeka kivulini kwa ukuta wa nyumba, nikalala chali, nikaweka mikono chini ya kichwa. Sikuwahi kulala hivyo tangu ujana. Viwiko vilichomoza pande zote mbili kama masikio ya mtungi. Nilikuwa nimeanza kusinzia mama alipopita na ungo wake, akasimama, akaniambia niamke haraka nisivilalie vile vitu nikavipinda. Nilimwambia havipindi. Akasimama pale kwa muda akinitazama, kisha akaweka ungo chini, akaja kukaa kwenye ncha ya mkeka, akaendelea kunilinda.